Mishahara na makato yake vitabuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye biashara ndogo

Nashika vitabu vya biashara ndogo: maduka ya vipuri, gereji, saluni, bekari. Kuanzia tarehe 25 ya kila mwezi simu yangu haipumziki, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa wateja wangu. Viwango vyote ni vya Tanzania Bara. Walio Zanzibar na Kenya nimewagusia mwishoni.

Mfano nitakaourudia ni wa bekari yenye wafanyakazi wanne. Mwokaji mkuu analipwa 600,000 kwa mwezi, muuzaji 400,000, msaidizi wa tanuri 300,000 na msafishaji 250,000. Jumla ya mishahara ghafi, yaani kabla ya makato yoyote, ni 1,550,000.

Kuna ubaya gani nikiandika tu "mishahara" na kiasi kilichotoka benki?

Ubaya ni kwamba kilichotoka benki si mshahara. Ni kile kilichobaki baada ya makato. Kwenye bekari yetu, siku ya malipo wafanyakazi wanapokea jumla ya 1,363,800. Lakini watu hao wanne wameigharimu biashara 1,712,750 kwa mwezi huo. Kati ya namba hizo mbili kuna 348,950, na hiyo ndiyo inayowaumiza watu. Jioni ya siku ya mshahara bado imelala kwenye akaunti yako, salio linaonekana zuri, na hakuna anayekugongea mlango. Wakati huohuo kila shilingi yake ina mwenyewe: TRA (mamlaka ya kodi), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) au WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi).

Mteja wangu mmoja wa duka la vipuri alikuwa akikata PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, kwa uaminifu kwenye karatasi ya mishahara, ila fedha yenyewe akiiacha kwenye akaunti ya mauzo. Msimu wa mzigo ulipofika, akaagiza kwa kuangalia salio. Miezi saba ikapita hivyo. Tulipokaa kukokotoa deni, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nanunua mzigo kwa hela za vijana wangu." Hakuwa mtu mbaya. Vitabu vyake havikumwonyesha deni, basi. Ndiyo maana ninasisitiza jambo hili kuliko jingine lolote: makato yakishakatwa si fedha yako tena, na vitabu viseme hivyo siku ileile.

Ni makato na michango ipi inayonihusu?

Kuna vinavyotoka kwenye mshahara wa mfanyakazi na kuna vinavyotoka mfukoni mwako. Usivichanganye.

Kwa mfanyakazi unakata vitu viwili: mchango wake wa NSSF, 10% ya mshahara ghafi, na kodi ya ajira, ile PAYE tuliyozoea kuiita Lipa Kadri Upatavyo. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali ana la tatu, marejesho ya Bodi ya Mikopo.

Wewe mwajiri unaongeza 10% nyingine ya NSSF, ili jumla iwe 20%, pamoja na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ni 0.5% ya mishahara ghafi. WCF ni yako peke yako. Nimeona karatasi za mishahara zenye safu ya "WCF" upande wa makato ya mfanyakazi, na hilo ni kosa: mfanyakazi hachangii hata senti.

Halafu kuna SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi. Hadi mwaka 2021 kizingiti kilikuwa wanne. Kiwango chake kilishushwa kutoka 4% hadi 3.5% mwezi Julai 2023. Bekari yetu haiguswi kwa sasa. Ila ukikaribia kumi, piga hesabu mapema, kwa sababu SDL hailipwi kwa mshahara wa yule wa kumi tu. Inalipwa kwa mishahara ya wote. Mishahara ghafi ikiwa 3,800,000 kwa watu kumi, 3.5% yake ni 133,000 kila mwezi, na mwezi uliopita ulipokuwa na watu tisa ilikuwa sifuri.

Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai mosi. Kila Julai, kabla hujatengeneza orodha ya mishahara, hakikisha viwango ulivyonavyo bado ni vyenyewe.

Mimi nalipa kodi ya makadirio. Haya yote yananihusu?

Ndiyo. Makadirio ni kodi ya mapato yako wewe. PAYE ni kodi ya mfanyakazi wako, na kazi yako ni kuikata na kuifikisha. Kulipa moja hakukuondolei nyingine.

PAYE naikokotoaje?

Kwanza toa mchango wa mfanyakazi wa NSSF kwenye mshahara ghafi. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi kwa jedwali hili la mwezi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi 1,000,000

Tuchukue mwokaji mkuu. Mshahara 600,000, NSSF 60,000, inabaki 540,000. Imezidi 520,000 kwa 20,000, na 20% yake ni 4,000. Ongeza 20,000 ya jedwali: PAYE ni 24,000. Anapokea 516,000.

Muuzaji: 400,000 toa 40,000 ni 360,000. Imezidi 270,000 kwa 90,000, na 8% yake ni 7,200. Anapokea 352,800.

Msaidizi wa tanuri ndiye ninayependa kumtumia kufundishia. Mshahara 300,000, NSSF 30,000, inabaki 270,000 kamili. PAYE yake ni sifuri. Anayeruka hatua ya NSSF atamkata 2,400 kila mwezi bila haki. Kwa mwaka ni 28,800, na kwa mtu wa mshahara huo hiyo ni fedha ya maana kabisa.

Msafishaji, 250,000 toa 25,000, hafiki kwenye kodi. Anapokea 225,000. Jumla ya PAYE ya bekari ni 31,200.

Mfanyakazi wangu ana ajira nyingine, kwangu anakuja jioni tu. Nitumie jedwali hilohilo?

Hapana. Jedwali ni la ajira yake kuu. Ajira ya pili hutozwa 30% moja kwa moja, hata kama unamlipa kidogo. Muulize siku ya kwanza, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Nionyeshe maingizo yenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuseme ni mshahara wa Januari, na muuzaji alichukua advansi ya 100,000 tarehe 12. Fuata tarehe.

Tarehe 12 Januari, advansi:
Debiti Advansi za wafanyakazi 100,000
Krediti Benki 100,000

Hapa hujaandika gharama yoyote. Umemkopesha mtu, naye anadaiwa.

Tarehe 31 Januari, mishahara na makato:
Debiti Gharama ya mishahara 1,550,000
Krediti NSSF ya kulipa 155,000
Krediti PAYE ya kulipa 31,200
Krediti Advansi za wafanyakazi 100,000
Krediti Mishahara ya kulipa 1,263,800

Tarehe hiyohiyo, sehemu yako mwajiri:
Debiti Gharama ya NSSF ya mwajiri 155,000
Krediti NSSF ya kulipa 155,000
Debiti Gharama ya WCF 7,750
Krediti WCF ya kulipa 7,750

Ukiwalipa wafanyakazi:
Debiti Mishahara ya kulipa 1,263,800
Krediti Benki 1,263,800

Februari, ukipeleka PAYE kabla ya tarehe 7:
Debiti PAYE ya kulipa 31,200
Krediti Benki 31,200

Na kabla Februari haijaisha:
Debiti NSSF ya kulipa 310,000
Debiti WCF ya kulipa 7,750
Krediti Benki 317,750

Sasa jumlisha kila kilichotoka benki: 100,000, 1,263,800, 31,200 na 317,750. Unapata 1,712,750. Jumlisha gharama tatu za Januari: 1,550,000, 155,000 na 7,750. Unapata 1,712,750 ileile. Namba hizi mbili zisipokutana, kuna ingizo limeruka au limeingia mara mbili.

Angalia pia kwamba PAYE haimo kwenye orodha ya gharama. Imo ndani ya ile 1,550,000 tayari. Anayeandika "gharama ya PAYE 31,200" siku anayolipa TRA amehesabu fedha moja mara mbili, na faida yake ya mwaka itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Debiti na krediti zinanichanganya. Hakuna njia rahisi?

Kwa mishahara kumbuka hivi: gharama na advansi hukua upande wa debiti, madeni yenye jina la "ya kulipa" hukua upande wa krediti, na benki inapotoa fedha huandikwa krediti. Hayo matatu yanatosha kwa karibu kila ingizo la ukurasa huu.

Tulikubaliana "laki nne mkononi". Naandika 400,000?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na hapa hela nyingi hupotea kimyakimya. Makubaliano ya mkononi yana maana kwamba makato yote ya mfanyakazi umeyabeba wewe. Lazima urudi nyuma utafute mshahara ghafi ambao, baada ya NSSF na PAYE, unaacha 400,000.

Hesabu yake, kwa mtu ambaye kiasi chake kinachotozwa kodi kiko kati ya 270,000 na 520,000: toa 21,600 kwenye kiasi cha mkononi, gawa kwa 0.92, kisha gawa kwa 0.9. Ile 21,600 ni 8% ya 270,000. Unaitoa kwa sababu sehemu hiyo ya mshahara haitozwi. 400,000 toa 21,600 ni 378,400. Gawa kwa 0.92, unapata kama 411,304. Hicho ndicho kinachotozwa kodi. Gawa kwa 0.9, mshahara ghafi ni kama 457,005.

Hakikisha kwa kwenda mbele: NSSF 45,700, inabaki 411,305, PAYE 11,304, mkononi 400,000 na shilingi moja ya mkadirio. Ongeza NSSF yako 45,700 na WCF 2,285. Yule mtu wa "laki nne" anakugharimu karibu 505,000. Kama ulipanga bei ya mkate kwa kuamini anakugharimu laki nne, sasa unajua laki na ushee inakwenda wapi kila mwezi.

Ushauri wangu ni kuandika mkataba kwa mshahara ghafi. Ukiahidi mkononi, kila kodi inapopanda mzigo ni wako.

Advansi zikiwa nyingi nazifuatiliaje?

Weka ukurasa mmoja kwa kila mfanyakazi: tarehe, kiasi, sahihi, kilichokatwa, salio. Jumla ya masalio ya kurasa zote ilingane na akaunti ya Advansi kwenye leja, daftari kuu la akaunti zako. Usikate advansi kabla ya kukokotoa kodi. PAYE inakokotolewa kwenye mshahara mzima, advansi inatolewa mwisho.

Posho ya nauli na chakula inaingia wapi?

Ukimpa mtu 50,000 kila mwezi "ya nauli", aitumie asiitumie, hiyo ni sehemu ya malipo yake ya kazi na inaingia kwenye hesabu ya kodi. Ukimtuma benki au sokoni, akakuletea risiti na ukamrudishia alichotumia, hayo ni matumizi ya ofisi, si mshahara. Andika kwenye gharama ya usafiri na ubandike risiti.

Na saa za ziada?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Ili kupata mshahara wa saa, gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Muuzaji wa 400,000 anayefanya saa 45 kwa wiki anapata kama 2,051 kwa saa, na saa ya ziada ni kama 3,077. Msimu wa Idi na Krismasi, bekari inapokesha, hesabu hii inakuwa kubwa. Iandike kwenye mstari wake mwenyewe, Gharama ya saa za ziada, ili mwaka ujao ujue kama ni nafuu kuongeza mtu.

Malipo hayo yanajumlishwa na mshahara wa mwezi huo kabla ya kukokotoa makato. Bonasi nayo ni hivyohivyo. Waeleze wafanyakazi mapema kwamba Desemba ya bonasi kodi itakuwa kubwa, maana wasipoambiwa watadhani wamepunjwa.

Nina vibarua wa siku moja moja. Wao nawaandikaje?

Weka daftari la vibarua lenye jina, namba ya simu, kazi, siku, kiasi na sahihi au dole gumba. Kitabuni wafungulie akaunti yao, Gharama ya vibarua. Lakini naomba tuelewane: mtu anayekuja kwako kila siku, saa zilezile, kazi ileile, mwaka mzima, kumwita kibarua hakumgeuzi kuwa kibarua. Huyo ni mfanyakazi, ana haki ya NSSF, na akiumia mkono kwenye mashine ya kukandia unga anastahili kuwa ndani ya WCF. Nimeona familia ikihangaika na gharama za hospitali kwa sababu jina la kijana wao halikuwa kwenye orodha yoyote.

Mimi mwenye biashara nijilipe mshahara?

Kama biashara ni yako binafsi, haijasajiliwa kama kampuni, unachochukua si mshahara. Ni fedha ya matumizi binafsi na inapunguza mtaji wako: debiti Matumizi ya mwenye biashara, krediti Benki. Haipunguzi faida inayotozwa kodi. Kama ni kampuni na wewe ni mkurugenzi unayefanya kazi humo kila siku, unalipwa mshahara na unakatwa PAYE kama mwingine yeyote.

Mke, mume au mtoto anayefanya kazi dukani na analipwa, aingie kwenye orodha ya mishahara.

Mwokaji ameunguza mikate ya 80,000. Naweza kumkata?

Si kwa hasira na si siku hiyohiyo. Sheria inataka uharibifu uwe umetokea kazini na kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, na umpe nafasi ya kujitetea. Usikate zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Mkikubaliana, vitabuni mshahara wake unabaki 600,000 kamili kwenye gharama, na makato yanaingia krediti kwenye akaunti ya Hasara ya bidhaa. Ukipunguza mshahara wenyewe kwenye orodha, umepunguza pia NSSF yake ya uzeeni kwa sababu ya mikate ya siku moja.

Nimemwajiri mhitimu wa chuo. Bodi ya Mikopo inaingiaje?

Kama ana mkopo, unakata 15% ya mshahara wa msingi na kupeleka Bodi ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Fungua akaunti Mikopo ya HESLB ya kulipa (HESLB ni kifupi cha jina la Bodi hiyo). Ni deni la mfanyakazi, hivyo halina gharama yoyote kwako, na halipunguzi kiasi kinachotozwa PAYE.

Tarehe za kukumbuka ni zipi?

PAYE, na SDL kama inakuhusu: si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, pamoja na ritani yake, yaani taarifa ya kodi, kwenye mfumo wa TRA. HESLB tarehe 15. NSSF na WCF ndani ya mwezi unaofuata. Mimi hutoa namba za malipo tarehe 3 na kulipa tarehe 5, ili umeme ukikatika au mtandao ukigoma kuwe na siku mbili za kupumua.

Fedha yenyewe ihame mapema zaidi. Siku ya mshahara, saa ileile, hamisha ile 348,950 kwenda akaunti ya pili ya benki uliyoipa jina "makato". Ingizo ni debiti Benki ya makato, krediti Benki ya mauzo. Si gharama, fedha imehama chumba tu. Yule mteja wa vipuri alianza hivyo baada ya deni lake, na akaunti ya pili hata kadi hakuichukua.

Nimechelewa, nimetozwa faini na riba. Naandika wapi?

Kwenye akaunti yake yenyewe, Faini na riba za kodi. Usizifiche ndani ya mishahara. Faini ya kuvunja sheria haikubaliki kama gharama unapokokotoa kodi ya mapato, hivyo mwisho wa mwaka lazima iweze kuonekana na kutolewa. Na kama deni ni kubwa, nenda ofisi ya TRA uombe kulipa kwa awamu kabla hawajakufuata. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa.

Nimegundua kosa la mwezi uliopita. Nifute?

Usifute, na usitumie wino mweupe. Acha ingizo la zamani, andika jipya la kusahihisha lenye tarehe ya leo na maelezo ya mstari mmoja.

Tuseme ulimkata msaidizi wa tanuri ile 2,400 kwa makosa. Kama bado hujaipeleka TRA: debiti PAYE ya kulipa 2,400, krediti Mishahara ya kulipa 2,400, kisha umpe fedha yake. Kama imeshakwenda, mrudishie mfanyakazi kwanza, uandike debiti Fedha ya kurejeshwa na TRA, halafu ushughulikie marekebisho ya ritani. Yeye asisubiri kwa kosa la kalamu yako.

Nitajuaje kwamba vitabu vyangu viko sawa?

Fungua leja, ukurasa wa PAYE ya kulipa. Tarehe 31 Januari iwe na krediti 31,200. Tarehe 5 Februari debiti 31,200. Salio sifuri. Fanya hivyo kwa NSSF, WCF na Mishahara ya kulipa. Kila akaunti ya makato inapaswa kugusa sifuri mara moja kila mwezi. Ikibaki na salio la krediti, kuna mtu hujamlipa. Ikibaki na debiti, umelipa zaidi au ulisahau kuandika deni. Kipimo hiki huchukua dakika kumi, na binafsi sitengenezi urari wa mwezi, ile orodha ya masalio ya akaunti zote, kabla sijakifanya.

Kisha chukua ritani uliyotuma TRA na ile ya NSSF, uzilinganishe na Gharama ya mishahara. Mkaguzi akija ataanza hapohapo. Mishahara ya 18,600,000 kwenye hesabu za mwaka na ya 12,000,000 kwenye ritani haielezeki.

Daftari, Excel au programu?

Hadi watu watano, daftari lenye safu linatosha kama unaliandika kila mwezi bila kuruka. Excel ni nzuri, ila funga seli zenye fomula; nimewahi kukuta 8% imeandikwa 0.8 na watu wamekatwa mara kumi. Kuhusu programu kama QuickBooks, hakikisha jedwali la kodi lililomo ni la Tanzania na la mwaka huu. Programu haijui kwamba Sheria ya Fedha imebadilika. Wewe ndiye unayejua.

Wafanyakazi wangu ni watatu tu na tunaelewana. Kuna haja ya hati ya mshahara?

Ipo, na ni matakwa ya sheria kwamba malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Hata karatasi ya nusu ukurasa inatosha: mshahara ghafi, kila kato kwa jina lake, kilichobaki. Ukilipa kwa simu, tuma kiasi kamili kilichoandikwa humo. Ada ya kutuma ni gharama ya biashara na ina akaunti yake.

Niko Zanzibar. Na mwenzangu ana duka Mombasa.

Zanzibar mfuko wa hifadhi ya jamii ni ZSSF, si NSSF, kwa viwango vyake. Badilisha jina la akaunti na asilimia.

Kenya majina ni mengine na makato ni mengi zaidi. Kuna PAYE yenye nafuu ya shilingi 2,400 za Kenya kwa mwezi, kuna NSSF ya ngazi mbili, kuna SHIF (mchango wa bima ya afya) ya 2.75% iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kuna tozo ya nyumba ya 1.5% kwa mfanyakazi na 1.5% kwa mwajiri. Tarehe yao ni 9 ya mwezi unaofuata. Tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba hutolewa kabla ya kukokotoa PAYE, kwa hiyo fomula ya zamani ya Excel itawakata watu zaidi ya inavyotakiwa. Muundo wa maingizo haubadiliki: gharama debiti, kila mdai na akaunti yake ya krediti.

Karatasi hizi nizitunze miaka mingapi?

Kumbukumbu za kodi ni miaka mitano. Maelezo ya ajira ya mfanyakazi ni miaka mitano tangu mkataba wake ulipokwisha, si tangu ulipomwajiri. Kwa hiyo faili la mwokaji aliyekaa nawe miaka minane unaweza kulibeba miaka kumi na mitatu. Weka bahasha moja kwa kila mwezi: orodha ya mishahara yenye sahihi, ritani, risiti za TRA, NSSF na WCF, na nakala ya taarifa ya benki. Juu yake andika mwezi na mwaka kwa kalamu nene, na piga picha kila karatasi, maana risiti za mashine hufifia zikabaki nyeupe kabla hata mwaka haujaisha.